Kura ya Majini na Serikali

Arubaini ya Haboba ilipokwisha, wanawake wa nyumba yetu waligawana vitu vyake. Shangazi zangu walichukua vitenge na sufuria, binamu zangu wakagombea nyungo za rangi alizozisuka mwenyewe, na mimi nikaambiwa nichukue sanduku la bati kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Bawaba moja imekatika, na ndani linanuka ubani mpaka unapiga chafya. Nililifungua nikiwa peke yangu. Chini kabisa, chini ya gazeti alilotandika, palikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Sikuhitaji kuikunjua. Wino ulikuwa umepenya upande wa pili, zile herufi kubwa za mtoto anayekandamiza kalamu, na mtoto mwenyewe alikuwa mimi, Hawa. Nikakaa sakafuni nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na wallahi nilikuwa nimeshaanza kujiona mtu mwenye moyo mgumu.

Haboba ni bibi, kwa Kinubi. Alikuwa mama wa baba yangu. Mama yangu ni Mlugbara wa Ajia, kwa hiyo pale kwetu Arua kila mtu alikuwa na lugha yake ya kugombania. Kinubi changu kilitosha kuombea chai tu, na Kilugbara cha Haboba kilitosha kununulia samaki. Mimi na yeye tulikutana katika Kiswahili, kile cha kambini alichojifunza kwa mumewe askari, ambacho ukikisema mbele ya mtu wa pwani atakupa pole. Ndicho kilichonilea, na sitaki pole ya mtu.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka miaka ile vitabu vya vijana vilipotufikia kwa maboksi, vimesomwa na watoto wa ng'ambo mpaka vikachoka. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, na mwenye ufunguo alikuwa Madamu Ayikoru, mwalimu mstaafu aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu. Siku moja aliletewa maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na hadithi za wafu wanaotembea, wanywa damu, na wasichana wanaopendwa na vijana waliokufa zamani. La pili lilikuwa na hadithi za dunia ijayo iliyoharibika, yenye serikali inayopima maji, inayohesabu watu na kukataza kuimba. Madamu alikuwa na majina yake ya Kiingereza kwa aina hizo mbili. Sisi hatukuyataka. La kwanza tuliliita Majini, la pili tukaliita Serikali.

Shida ilikuwa rafu. Ilibaki moja tu. Na huko Koboko kulikuwa kumefunguliwa chumba kingine cha kusomea, kitupu kabisa, kinangoja vitabu. Madamu akasema boksi moja libaki Arua na lingine liende Koboko, wala hatavunja mfululizo kuugawa nusu kwa nusu. Wasomaji wachague wenyewe. Akatoa kitabu cha kwanza cha kila upande tuonje kwa zamu mwezi mzima, vingine vyote akavifungia ndani ya boksi kwa gundi ya karatasi.

Mimi nilionja Serikali, na ndipo mambo yalipoanza.

Kitabu kilihusu msichana na kaka yake, katika mji wenye ukuta. Nilikuwa nikimsomea Haboba alasiri, yeye anasuka ungo, mimi natafsiri sentensi moja moja kwa Kiswahili chetu. Tukafika mahali ambapo watu wote wanapelekwa langoni na askari wanawagawa mistari miwili. Nikalowesha kidole nigeuze ukurasa. Kabla sijageuza, Haboba akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake, "Huyo kijana wataweka kushoto. Msichana wataweka kulia."

Nikageuza. Ilikuwa hivyo hivyo, kushoto na kulia. Nikamwuliza amejuaje, akaniambia nimletee maji ya kunywa.

Sasa nikueleze nilivyofikiri, na unicheke ukitaka. Kila Alhamisi baada ya magharibi Haboba alikuwa akiwataja wafu wa ukoo wetu mmoja mmoja na kuwasomea fatiha. Akimaliza, ananyamaza kidogo, kisha anainua mikono upya na kumwombea Khamis, ndugu yake, aliye safarini. Wafu mbali, Khamis mbali. Nilijua pia kwamba zamani, wakati wa vita, Haboba alikimbia kwa miguu kwa njia ya Koboko mpaka Sudani, akaishi kambini miaka. Alipenda kutuchekesha kuhusu wazungu wa kambi ile, jinsi walivyokuwa wakikaa kwenye viti vidogo, wakiuliza maswali na kuandika majibu kwenye daftari. Nikageuza kitabu nyuma. Palikuwa na picha ya mwandishi, mama wa kizungu anayetabasamu, wa umri kama wa Haboba. Basi nikaunganisha. Huyu mama alikuwa kambini. Haboba alimsimulia, akaandika, akabadilisha majina. Hii ni hadithi ya Haboba na Khamis, na kama kuna kitabu cha pili na cha tatu, cha tatu kinajua Khamis yuko wapi.

Madamu alituambia vile ni vitabu vya mambo ambayo bado hayajatokea. Nilimwonea huruma, mtu mzima na elimu yake yote.

Kwa hiyo kwangu mimi ile haikuwa kura ya vitabu. Serikali ikishindwa, boksi litakwenda Koboko, na kwa mtoto wa darasa la tano Koboko ilikuwa mbali sawa na Khartoum. Hakuna aliyewahi kunipeleka. Haboba mwenyewe tangu arudi kutoka Sudani hakukanyaga tena barabara ile, hata kwa harusi na misiba. Ndugu walilalamika mpaka wakachoka. Khamis angekuwa amekaa ndani ya boksi huko, na dada yake anakufa huku bila kujua. Nilikuwa nakosa usingizi. Nilikuwa nahesabu kwenye vidole nani wetu, nani wao, na kila nikihesabu vidole vilikuwa vinagoma kutosha.

Maana Majini walipendwa. Kiongozi wao alikuwa Candiru, rafiki yangu wa dawati moja, mwenye sauti ya kuuzia nyanya. Alikuwa anasimulia habari za mnywa damu wakati wa mapumziko mpaka watoto wanasahau uji wao. Mimi ningesimulia nini, kupimiwa maji? Watoto wa Arua wanapimiwa maji kila siku kwenye bomba. Nikaona bora nihonge. Haboba alikuwa na debe la njugu za Ajia, alizoletewa na mama mzaa mama, na kila asubuhi kwa wiki mbili nilijaza mfuko wa sketi yangu. Njugu kiganja kimoja, kura moja. Niliwaapisha. Siku ya mwisho debe lilikuwa linalia bati.

Madamu alikataa kura za karatasi. Alisema karatasi zitaleta maneno ya kuibiana, na yeye hana nguvu za kesi. Tutapiga kama wazee wanavyomchagua mwenyekiti wa kijiji: kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, mstari uonekane na watu wote, mwenye macho asidanganywe. Jumamosi asubuhi tukakusanyika uani nyuma ya maktaba. Candiru akasimama na kitabu cha Majini kichwani pake. Kitabu cha Serikali alikishika msichana mmoja mrefu aliyechaguliwa kwa urefu tu. Madamu akapiga filimbi, na vumbi likatimka.

Njugu zangu zilifanya kazi nusu. Wengine walizila na kwenda kwa Majini bila haya, wakanipungia mkono. Mistari ikajipanga sambamba, na kwa macho hukuweza kusema upi mrefu. Madamu akaanza na Majini. Alikuwa anagusa kichwa, anataja namba, na aliyehesabiwa anachuchumaa asije akahesabiwa mara mbili. Alifika ishirini na mbili, akageuka kwetu. Nilikuwa wa mwisho kabisa kwenye mstari, na nilikuwa nimeshajihesabia mara tatu. Tulikuwa ishirini na tatu. Kumi na nane, akachuchumaa. Kumi na tisa. Ishirini. Nikaanza kusoma qul huwallahu kimoyomoyo.

Haboba alikuwa ameamka akakuta debe tupu. Alikuja kunitafuta na hasira yake ya halali kabisa, kandambili miguuni na lesu begani, na akaingia uani kwa mlango wa nyuma. Nilimwona. Niliona anafungua mdomo kunigombeza, kisha niliona macho yake yanakwenda kwenye mistari: mistari miwili, watoto wamechuchumaa vumbini, mikono magotini, na mtu amesimama juu yao anagusa vichwa. Mdomo ukafungika. Uso wake ulibadilika ukawa uso ambao sikuuona tena mpaka siku aliyokufa.

Hakukimbia. Alikuja moja kwa moja, akanishika mkono wangu juu ya kiwiko, na mkono wake wa pili ukamshika mtoto aliyekuwa mbele yangu, mvulana mdogo wa darasa la pili ambaye Haboba hakumjua wala hakuwahi kumwona. Akatuvuta wote wawili.

"Toka kwa mstari," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Toka sasa. Usiangalie nyuma."

Nilipinga. Nilivuta, nikapiga kelele kwamba bado sijahesabiwa, nikamwita Madamu. Madamu alisema mama, ni mchezo wa vitabu tu, waache watoto. Haboba hakumsikia. Alituburuta mpaka barabarani, mvulana yule analia, mimi nalia, na huko nyuma nikasikia kelele za Majini zikipanda. Sheria ilikuwa moja: aliyetoka mstarini kabla ya kuguswa kichwa hahesabiwi. Ishirini na mbili kwa ishirini na moja.

Boksi liliondoka Jumatatu. Nililiona likipakiwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Sikumsemesha Haboba siku tatu. Nilimletea maji bila kumtazama, nikaweka bakuli mbele yake kwa kishindo, vitu ambavyo kwetu mtoto anachapwa kwavyo, na yeye hakunichapa. Hata habari ya njugu hakuitaja. Alhamisi ikafika. Akawataja wafu, akanyamaza kidogo, akainua mikono kwa ajili ya Khamis. Nikashindwa kuvumilia.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja: yule mama wa kizungu, daftari la kambini, kitabu cha tatu, kwamba Khamis alikuwa ndani ya boksi na yeye ndiye aliyemfukuza kwa mkono wake mwenyewe.

Mikono yake ilibaki juu. Nilingoja kofi. Akaishusha, akafuta uso, akauliza kama boksi lilishafika Koboko. Nikasema ndiyo. Akauliza kama huko wanaruhusu mtu kusoma bila kadi. Sikujua. Akasema, "Kesho kutwa tutaenda kuuliza."

Baba alidhani anatania. Jumamosi alfajiri Haboba alikuwa amevaa, ameketi mlangoni na kikapu chake, na tukapanda pikapu ya jirani iliyokuwa inapeleka vitunguu. Aliketi mbele upande wa mlango, mimi katikati yake na dereva. Njia nzima alikuwa ameshika paja langu, si kwa kunibembeleza, bali kwa kujishikilia. Mahali fulani, pasipo na kitu, majani tu na mteremko na mfereji kando ya lami, alijifunika uso kwa lesu. Dereva akapunguza sauti ya redio bila kuambiwa. Nilitazama mahali pale nikitafuta lango lenye ukuta. Nilikuwa nimeshika namba za kurasa kichwani na nilitarajia kuliona.

Huko Koboko, mama mtunza vitabu alitutazama, bibi mwenye kikapu na mtoto mwenye kiherehere, akatutandikia mkeka barazani. Boksi lilikuwa limefunguliwa. Nikachukua kitabu cha pili, Haboba akaweka kiganja juu yake.

"Soma ya mwisho," alisema. "Ya katikati mimi nilikuwa ndani."

Nikafungua cha tatu, nyuma huko kwenye sura za mwisho. Nilikuwa na tabia ya kusoma kwanza kwa macho, kisha natafsiri. Macho yalitangulia. Msichana anafika bonde fulani nje ya mji. Kaka yake yuko pale. Amekufa, siku nyingi. Anamtambua kwa mkufu wa shanga. Anachimba kwa mikono na kipande cha bati, anamlaza, anamfunika kwa udongo, anapanga mawe, na anakaa pale mpaka jua linazama.

Nilihisi mkeka umeondoka chini yangu. Khamis aliye safarini. Kila Alhamisi ya maisha yangu, Khamis aliye safarini. Nikamtazama Haboba, ameinamisha kichwa, amefumba macho, anangoja. Nikafungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe, mtamu, umenyooka. Nikasema kaka yuko hai. Alitoroka kushoto, akavuka mto, akapata kazi ya kushona kwa Mwarabu mmoja. Ana watoto wanne. Amezeeka, lakini kila jioni anakwenda kusimama barabarani, anauliza wapita njia kama wamemwona dada yake. Nilimpa nyumba ya matofali. Nilimpa na mbuzi.

Nilipoishiwa nikainua macho. Haboba alikuwa amefumbua macho. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Maneno iko mingi," alisema taratibu. "Lakini karatasi hujageuza hata moja."

Nikafunga kitabu, kidole changu kikibaki ndani ya ukurasa.

"Huyo mutu anasimama barabarani, anauliza dada yake," alisema, "mimi nimemngoja huyo tangu niko msichana. Kila siku. Nikisikia mlango, ni yeye. Nimechoka na huyo, Hawa. Soma kile kimeandikwa."

Nikasoma. Nilisoma huku machozi yakidondoka kwenye kitabu cha watu. Bonde, mkufu, bati, mawe. Nilipofika mwisho aliniuliza swali moja tu, kama alizikwa na nani. Nikasema alizikwa na dada yake. Akaniambia nirudie pale. Nikarudia. Akasema nirudie tena, na mara ya tatu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anasogeza mdomo pamoja nami. Kisha akaomba kwa mtunza vitabu karatasi ya daftari, akaniambia nimwandikie hapo tu, mahali pa kuzika, kwa Kiswahili. Nilikandamiza kalamu kwa nguvu zangu zote.

Siku hizi kazi yangu iko Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi. Nakaa kwenye kiti kidogo, nauliza maswali, naandika majibu. Watu wanapanga mstari mbele yangu, na huwa nawaambia wasichuchumae, wasimame au waje na viti. Wenzangu wananiona mwenye visa. Na ndiyo, nilipokua nilielewa kwamba yule mama wa kitabu hakuwahi kufika kambi yoyote, kwamba Khamis hakuwa na mkufu, na kwamba hakuna aliyempangia mawe pale kando ya mfereji, kwenye barabara ya Koboko. Kwa muda nilijichukia. Niliona nimemwuzia bibi yangu maiti ya kitabu. Kilichonitua mzigo ni kukumbuka kilichotokea Alhamisi iliyofuata.

Haboba alichinja. Aliita majirani na jamaa, akapika pilau, akamwita shehe wa mtaa wetu aje kusoma hitima. Watu walikuja wakiulizana nani amekufa. Akawaambia ni ya Khamis. Wakatazamana, kwa maana kila mtu mzima pale alijua kwamba kwa miaka yote ile huyu mwanamke alikataa katakata kumsomea ndugu yake, na aliyewahi kumshauri alifukuzwa na ufagio. Shehe, mtu mpole na makini, akafunga msahafu kwanza. Akamwuliza kwa heshima, dada, habari ya kifo imeletwa na nani?

Nilikuwa nimesimama kando na sinia la vikombe. Nilijua itabidi aseme kitabu, na watu watacheka.

Haboba alikuwa ameshika ile karatasi, imekunjwa mara nne. Hakuikunjua. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akanipata.

"Mjukuu wangu amenisomea," alisema. "Alitaka kunificha. Halafu amesoma."

Shehe akanitazama, akamtazama yeye, akafungua msahafu. Na jioni ile, kwa mara ya kwanza, jina la Khamis lilisomwa pamoja na wafu wengine, na Haboba alipomaliza hakunyamaza wala hakuinua mikono upya. Aliniambia nimwagie watu chai.